Santuri Ambayo Sikuigeuza

Katika maandishi ya kipindi changu cha redio kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote. Niliiandika nimesimama jikoni, chai ikipoa, na nilipoimaliza niliisoma kwa sauti mara tatu ili nisikie inavyotua: "Muziki wa dansi wa baba zetu ulijua kulia na ulijua kuonya, lakini moto wa kuchezea tumeuwasha sisi." Jumamosi ile saa kumi alasiri niliisoma redioni, na baba yangu alikuwa anasikiliza.

Redio yenyewe ni ndogo, iko Newtown, na kila Jumamosi inatupa saa moja ya Kiswahili sisi tuliozaliwa mji huu na wazazi waliohamia, au tulioletwa na miguu yetu wenyewe: Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi. Riwaya yangu ya kwanza ilipotoka na watu wachache wa vikundi vya wasomaji wakaanza kunijua, niliombwa kuandaa vipindi vinne kuhusu namna muziki wa dansi ulivyobadilika, tangu enzi za magitaa mpaka amapiano ya leo. Nilikubali kabla swali halijaisha. Amapiano ninaijua. Kwaito niliipata utotoni kupitia ukuta wa jirani pale Yeoville, besi yake ikitikisa vikombe kabatini. Muziki wa zamani niliujua kama mtoto anavyovijua vitu vya wazazi wake: nilijua upo, na nilijua ni mrefu.

Baba yangu alizaliwa Lubumbashi. Alipiga gitaa katika bendi zilizohamahama, akakaa Dar es Salaam, akakaa Nairobi, na hatimaye akashuka huku, ambako kwa miaka zaidi ya umri wangu ameshona suti. Karakana yao iko ghorofa ya pili katikati ya mji, mafundi sita, kila mmoja na cherehani yake, na meza moja ndefu ya kupigia pasi. Humo wanamwita Mukubwa. Gitaa aliliuza kabla sijazaliwa. Kilichobaki ni maneno yake kwamba alipiga solo kwenye santuri moja iliyorekodiwa Nairobi, na maneno hayo yalikuwa mzaha wa karakana. Kila spika yao ilipotoa sauti ya gitaa, hata wimbo wa kanisani, hata tangazo la bima, Mrundi anayepiga pasi alikuwa anauliza, "Mukubwa, ni wewe huyo?" Baba alicheka pamoja nao. Mimi nilidhani kicheko ni kicheko.

Nilipomweleza kuhusu vipindi, aliingia chumbani akakaa muda mrefu. Alitoka na boksi la shati. Ndani yake, katika kipande cha bitana ya hariri ya rangi ya maziwa, kulikuwa na santuri ndogo, ile ya wimbo mmoja. Alinipa kwa mikono miwili.

"Ukiona inafaa, mama," alisema. Baba huniita mama, kama Wakongo wengi wanavyowaita binti zao. "Kama haifai, iko bien."

"Itafaa, Papa. Jumamosi saa kumi utajisikia."

Siku iliyofuata niliipeleka kwa mtu mmoja wa soko la Newtown anayeuza santuri kuukuu na kuzigeuza kuwa faili za kompyuta. Aliifuta vumbi kwa kitambaa laini, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Pande zote mbili?" aliuliza.

"Upande mmoja unatosha. Huu wenye wimbo."

"Kila upande una wimbo, dada."

"Ninaoutaka ni huu."

"Sharp," alisema, akashusha sindano.

Nilikuwa na haraka. Kikundi cha wasomaji kilikuwa kinanisubiri Sandton, watu wa benki na makampuni waliosoma kitabu changu na kuandaa maswali, na nilikuwa nimewaza tangu asubuhi nitakavyoyajibu. Wimbo ulipokuwa unahamishwa nilisimama pale nikijibu ujumbe kwenye simu. Niliusikia kwa sikio moja: waimbaji wawili, tarumbeta, mwanamume anayemlalamikia mwanamke kwa upole. Dakika tatu na sekunde hamsini. Mwishoni mwimbaji alisema jambo kama "sasa", sauti ikafifia, na nikafikiri, basi, umeisha. Nyimbo ninazozijua mimi huwa zinaisha hivyo. Baadaye nyumbani niliusikiliza tena ili nimtafute baba. Kulikuwa na gitaa moja likitembea taratibu chini ya maneno, na jingine likiliitikia. Sikujua lipi ni lake. Nilichagua moja, nikaandika kwenye maelezo yangu "gitaa la upole, lenye subira," nikaendelea na aya inayofuata.

Kipindi kilienda vizuri. Niliupiga wimbo wa baba kabla ya nyimbo zote. Nilisema unatoka enzi za bendi, nikasema ule upole, ile subira, kisha nikasoma sentensi yangu, kisha nikaruka miongo miwili hadi kwaito, na kutoka kwaito hadi wimbo ambao wiki ile teksi zote za mji zilikuwa zinaupiga, ile besi inayogonga kama mtu anayebisha mlango wa bati. Mtayarishaji wetu, mwanamke wa Soweto ambaye Kiswahili chake chote ni "asante" na "twende", alicheza kwenye kiti chake nyuma ya kioo. Nilitoka studio nikaenda moja kwa moja karakana. Nilitaka kuziona nyuso zao.

Cherehani zote zilikuwa zinalia. Hakuna aliyezima ya kwake nilipoingia. Baba alikuwa amepinda juu ya mkono wa koti, na Mrundi aliniona kwanza.

"Mtangazaji ameingia," alisema. "Tumekusikia. Kiswahili chako kitamu kama cha msahafu."

"Na wimbo?"

"Wimbo mzuri. Tumesikia waimbaji. Tumesikia tarumbeta." Aligeuza suruali kwenye meza. "Sasa tunauliza tu, Mukubwa alikuwa wapi. Labda siku ile alikuwa mlangoni, anakusanya tiketi."

Fundi mzee wa Bukavu, anayekaa karibu na dirisha na ambaye, kama baba, husema "njo" pale wengine wanaposema "ndiyo", alicheka mpaka akakohoa. "Muache. Gitaa njo lilikuwa hapo. Lilikuwa linapumzika tu."

"Mashine sita tumezima," Mrundi alisema. "Sita. Mteja yuko hapa anasubiri, tunamwambia, kaa kimya, Mukubwa anakuja. Hakuja."

Baba hakucheka safari hii. Aliniangalia juu ya miwani, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Nami nikaona wazi kwamba wimbo ulikuwa na kitu ambacho sikukipiga. Sikujua ni nini. Ningeweza kuuliza. Badala yake nilisema:

"Redio ndio waliokata, Papa. Muda ulikuwa mdogo. Mimi niliwapa wimbo wote."

Sijui ulitoka wapi, uongo ule. Ulikuja umeshavaa nguo. Na ajabu ni kwamba uso wa baba ulifunguka papo hapo, kama nimempa zawadi.

"Si nilisema?" aliwageukia wenzake, akirudi kwenye Kiswahili cha Lubumbashi. "Batu ya radio banakataka. Toka zamani banakataka." Akaacha mkono wa koti akasimama, akaanza kutueleza, mimi na wao, mambo ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuwaeleza watu hewani. Kwamba katika siku zao wimbo ulirekodiwa vipande viwili kwa sababu santuri ndogo haikuweza kuubeba wote. Upande wa kwanza ni maneno: mwimbaji anasimulia, anaonya, watu wanacheza wakiwa wameshikana, polepole. Kisha unageuza. Upande wa pili waimbaji wanarudi nyuma, ngoma zinabadili mwendo, na magitaa yanachukua wimbo. Yeye aliita seben. Dar es Salaam, alisema, waliita chemko, na kweli ukumbi ulichemka. Mpiga solo alikaa upande wa kwanza wote karibu bila kufanya kitu, akisubiri huo wakati. Lakini watangazaji walipiga upande wa kwanza peke yake. Kugeuza ni kazi, na taarifa ya habari inakaribia. Ukibahatika mtangazaji anageuza, kisha anaongea juu ya gitaa lako mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtu wa nyumbani, mwenye redio tu, hakukujua kabisa," fundi wa Bukavu alisema.

"Hakunijua. Wa ukumbini njo walinijua." Kisha akasema jambo alilokuwa hajawahi kuniambia. "Na ndani ya seben mwimbaji ananiita. Kwa jina. Mara mbili. Seben ingepigwa leo, hawa wangenyamaza."

"Basi kosa ni la redio," Mrundi alisema, akashusha pasi.

"La redio. Huyu ni mwandishi. Huyu hawezi kukata."

Nilirudi nyumbani. Santuri ilikuwa bado kwenye mkoba wangu, kati ya kompyuta na kitabu nilichokuwa ninakisoma, tangu siku ya soko. Niliitoa kwenye bitana nikaisoma kwa mara ya kwanza. Mimi, ambaye kusoma ndiyo kazi yangu. Jina la wimbo lilikuwa moja pande zote mbili, na chini yake, kwa herufi ndogo zilizochakaa lakini zinazoonekana, upande mmoja ulisema Sehemu ya 1 na mwingine Sehemu ya 2. Nilikuwa nimeupiga picha upande ule wa kwanza kwa ajili ya ukurasa wa kipindi. Picha ilikuwa nzuri. Watu kadhaa walikuwa wameisifu.

Ningekimbia sokoni Jumatatu. Sikukimbia. Nilijiambia kwamba nitaihamisha sehemu ya pili taratibu, niipige katika kipindi cha tatu, nifurahie pamoja na wote, na hakuna atakayejua. Nilianza hata kutunga sentensi za kuitambulisha. Zilikuwa sentensi nzuri pia.

Alhamisi nilienda Newtown kurekodi utangulizi wa kipindi cha pili. Mtayarishaji alifunga mlango wa studio, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Baba yako alikuja juzi," alisema kwa Kiingereza.

"Hapa?"

"Hapa. Amevaa suti ya kijivu, nzuri kuliko suti zote zilizowahi kuingia jengo hili. Alipanda teksi mbili. Alisema anajua muda wetu ni mdogo na hatulaumu, ila kama bado tunacho kipande tulichokikata, anaomba tukipige siku yoyote, hata bila kusema ni cha nani."

Nilikaa.

"Nikamwambia, mzee, sisi hatukukata kitu. Nikamfungulia kompyuta nikamwonyesha faili, linapoanza na linapoishia. Aliikagua skrini kama daktari anaangalia picha ya kifua. Nikamwambia, hiki ndicho binti yako alichotupa. Sikujua ulikuwa umemwambia vingine."

"Alisema nini?"

"Aliomba radhi. Alisema binti yake ana kazi nyingi. Halafu akaniomba nisikwambie kwamba alikuja."

"Mbona unaniambia, basi?"

"Eish, dada. Kwa sababu aliniomba radhi mimi. Mimi nilikuwa sidai radhi yoyote."

Alikuwa amejua kwa siku mbili. Jumanne hiyo jioni alinipigia simu kuniuliza kama nimekula, na sauti yake ilikuwa ileile. Jumatano alinikumbusha nibebe mwavuli. Karakana nzima, wakati huo, ilikuwa bado inailaani redio kwa sababu yangu, na yeye alikuwa ameketi katikati yao akiwaacha wailaani.

Siku hiyo sikurekodi kitu. Nilivuka barabara hadi sokoni nikamwomba yule muuza santuri ashushe sindano upande wa pili na auhamishe kama ule wa kwanza, na simu nikaizima.

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichosikia, na kila mara ninajishuku, kwa sababu kuandika vizuri ndiko kulikonifikisha pale. Nitasema tu mambo yalivyofuatana. Mwimbaji alirudia neno lile la mwisho la upande wa kwanza. Ngoma zikakaza mwendo. Gitaa la kwanza likaanza kuzunguka mahali pamoja, la pili likaingia katika nafasi zilizoachwa na la kwanza, na hapo juu yao, jembamba na jepesi, likaingia la tatu. Halikuwa na upole. Halikuwa na subira. Lilikuwa linacheka. Muuza santuri, kijana wa rika langu, alianza kupiga kidole kwenye meza, kisha bega, na akasema jambo ambalo ningepaswa kulisema mimi katika kipindi chote cha saa moja:

"Hii ni kama amapiano. Wanakuzuia, wanakuzuia, halafu wanakupa."

Ndivyo ilivyo. Nyimbo za rika letu, zile zenyewe ndefu za dakika saba au nane, huificha besi mpaka watu waiombe. Redio haiwezi kusubiri. Inapiga toleo fupi, inaruka moja kwa moja hadi pale, na sisi tunalalamika kwamba wimbo umeharibiwa. Nilikuwa nimelalamika hivyo mwenyewe, kwa ukali, mbele ya marafiki. Nikaufanyia wimbo wa baba kilekile, kisha nikatangaza kwamba haukuwa na moto.

Mwimbaji alimwita katikati ya dakika ya pili. Mara mbili, kama mtu anayemwita rafiki aliye ng'ambo ya barabara. Lilikuwa jina la utani ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu, na sitaliandika hapa. Gitaa liliitika.

Ijumaa mchana nilipanda ngazi za karakana. Nilikuwa nimepanga kumvuta baba pembeni, kwenye korido. Lakini hakuaibishwa kwenye korido, aliaibishwa humo ndani, kwa hiyo nilisimama kando ya meza ya pasi nikasema, "Wazee wangu, naomba mnisikilize," na cherehani zikaacha moja baada ya nyingine. Ya baba ndiyo iliacha mwisho.

"Redio haikukata," nilisema. "Ni mimi. Sikuigeuza santuri. Sikujua kwamba inageuzwa, na sikuisoma. Halafu nikamdanganya Papa mbele yenu."

Mrundi aliisimamisha pasi yake. "Kwa hiyo wiki nzima tumewatukana watu wa redio bure?"

"Bure."

"Hata mama zao nilishawagusa," alisema polepole, na fundi wa Bukavu akainama kuficha kicheko.

Baba alikuwa anatafuta kitu mezani pake, chaki au sindano, na hakukipata. "Najua, mama," alisema. "Nilifika kule."

"Najua kwamba ulifika."

Alifikiri juu ya hilo. Aliona, nadhani, kwamba mtayarishaji hakutunza siri, na kwamba mimi sikuja kwa wema wangu peke yangu. Ningependa kuandika kwamba alinikumbatia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tepu ya kupimia, akaivaa tena.

"Unayo?" aliuliza fundi wa Bukavu. "Basi weka, tusikie."

Niliunganisha simu na spika yao. Ngoma zikakaza mwendo. Magitaa mawili, kisha la tatu. Mafundi hawakucheza, walikaa na mikono magotini, kama watu walioko kanisani kabla ya ibada kuanza. Mwimbaji alipoita jina mara ya kwanza hakuna aliyejongea. Mara ya pili Mrundi alimgeukia baba.

"Wamekuita."

"Ee. Wameniita."

"Jina gani hilo, Mukubwa?"

"La ujana." Lakini baba alikuwa amenyanyua kidole, akitaka kimya. Alikuwa hasikilizi sifa. Uso wake ulikuwa umekazana kama anapopitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Subiri," alisema. "Inakuja. Hapo. Umesikia?"

"Sijasikia kitu, Papa."

"Nilichelewa. Nilipaswa kupanda pamoja na ngoma, kidole hiki kikateleza, nikafika nyuma yake. Studio ilitupa nafasi moja tu. Wenzangu walisema, acha, hakuna atakayesikia." Alikitazama kidole chenyewe, cha tatu cha mkono wa kushoto. "Mimi ninaisikia. Walipokuwa wanakata redioni nilikasirika, kweli. Na kidogo nilikuwa ninashukuru."

Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, niliona kwa jinsi fundi wa Bukavu alivyomtazama.

"Rudisha nyuma," baba aliniambia. "Nikuonyeshe."

Nilirudisha nyuma. Tuliinamisha vichwa juu ya spika, mimi na yeye, kichwa chake kikinuka chaki na mvuke wa pasi. Magitaa yakazunguka, ngoma ikapanda, na gitaa lake likafika nyuma yake, punje tu ya wakati. Aliniangalia akisubiri.

"Ndiyo, Papa," nilisema. "Ulichelewa."